Bei ya Kisu Imo Wapi?

Malori yanayotoka Nimule kwenda Juba hupita Nesitu, na kila moja limebeba, chini ya mzigo wake, chuma cha kisu bora kuliko vingi ving'aavyo kwenye meza za soko la Konyo Konyo. Nasema springi. Chuma chake kina kaboni ipatayo asilimia 0.6, kiasi cha kutosha kukubali matiko. Ikivunjika, mhunzi huikata na kuifua, kisha inakuja kazi yenyewe: kuupasha ubapa moto mpaka sumaku isiunase, kuuzamisha kwenye mafuta, halafu kuupasha tena kidogo hadi upate rangi ya majani makavu. Akiruka hatua ya mwisho, kisu kitavunjika kama kigae. Akiruka zote, kitapinda kwenye kiungo cha mbuzi.

Kwa macho hutajua. Chukua tupa uipitishe taratibu kwenye makali. Ikiteleza, matiko yapo. Ikila chuma, kirudishe mezani hata kama mpini unapendeza. Visu vya bei poa visivyoshika kutu mara nyingi huanguka mtihani huu, kwa kuwa kaboni yake ni ndogo. Vina sifa moja, nayo si haba katika nchi yenye msimu mrefu wa mvua: ukikisahau nje usiku kucha, asubuhi kiko vilevile.

Umbo linataka fikra zaidi. Siku hizi mawindoni risasi ndiyo inayoua. Kisu hufuata, kupasua tumbo bila kutoboa utumbo, kuchuna ngozi, kutenga viungo. Hapo ndipo ninapoikataa simi ya Kimaasai, ingawa naipenda. Ina makali pande zote mbili na hupanuka kuelekea nchani, kwa hiyo uzito unakaa mbele, unapotakiwa wakati wa kukata. Lakini kwenye kuchuna, kidole cha shahada hakina mgongo wa kuegemea, na makali ya juu hutoboa ngozi uliyotaka kuihifadhi. Kisu cha Mora, Sweden, kina kasoro ya kuonekana duni: mpini wa plastiki, ubapa mfupi, urembo hakuna. Ila kina mgongo bapa, makali yake yamepigwa mshazari mpana ambao hata asiye fundi huweza kuufuata kwenye kinoo, na kwao ni kisu cha bei ya chini.

Huku kwetu bei haikuwahi kumfuata aliyetia matiko. Wamaasai waliitegemea simi, huku wahunzi wao, ilkunono, wakidharauliwa na kutooana na wengine. Wabari, wenyeji wa eneo hili la Nile, nao waliwahesabu wahunzi miongoni mwa dupi, tabaka lililo chini ya watu huru. Chuma kilitakiwa, mwenye kukifua hakutakiwa.

Kwingine fedha ilikwenda mpinini. Jambia la Yemen lilipandishwa thamani na mpini wa pembe ya kifaru, na katika miaka ya 1970 soko hilo liliwamaliza vifaru wengi wa Afrika. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982. Vifaru wa huku nao walikwisha: dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikamatwa akiwa ndama huko Shambe, kusini mwa Sudan ya wakati huo, mwaka 1975, akafa Ol Pejeta, Kenya, mwaka 2018. Wala pembe haiongezi hata chembe ya ukali.

Kwa mnunuzi wa Nesitu, ningechagua ubapa wa springi wenye upande mmoja wa makali, usiozidi shubiri, mpini wa mti mkavu. Ningempa mhunzi bei yake bila kuvutana sana, kisha nimwongezee kidogo ili autie matiko nikiwa nimesimama pale pale, tupa mkononi.