Jabali Ndani ya Nyumba

Kukwea majabali ni kazi ya nje. Hivyo ndivyo walivyoamini Waingereza walioufanya mchezo huo kuwa maarufu katika milima yao karne ya 19, na wajukuu wao wakaendelea kuamini vivyo hivyo kwa miaka mingi. Mtu aliyetaka kukwea alingoja siku kavu. Mvua ikinyesha, alikaa akanywa chai. Na kaskazini ya Uingereza mvua haina adabu ya majira kama masika yetu: hunyesha ipendapo. Muogeleaji na mcheza mpira waliweza kujizoeza mwaka mzima, lakini mkwezi mara nyingi alikaa bure miezi ya baridi, vidole vikilegea, hata jua liliporudi alianza upya kama mwanagenzi.

Aliyelitazama shauri hili kwa jicho jipya ni Don Robinson, mwalimu wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds. Mwaka 1964 alitwaa ukuta wa matofali katika ujia mmoja wa jengo la michezo la chuo, akatia ndani yake vipande vya mawe, vingine vikijitokeza kama pua, vingine vikiacha nafasi ya ncha za vidole tu. Mwaka huo huo Ngugi wa Thiong'o, ambaye wakati ule bado alijulikana kwa jina la James, alikwenda kusoma katika chuo hicho, na huko akaandika riwaya yake ya A Grain of Wheat. Mambo haya mawili hayana uhusiano wowote, ila lanipendeza wazo kwamba chini ya mawingu yale yale mmoja alikuwa akiandika habari za nchi ya mbali, na wengine wakihangaika kupanda ukuta usiokwenda popote.

Mtu angeweza kuucheka ukuta ule, maana haukuwa na kilele wala mandhari. Lakini mti hujulikana kwa matunda yake. Mwanafunzi mmoja wa Leeds, John Syrett, alijizoeza sana ukutani pale, na mwaka 1970 akaikwea njia iitwayo Wall of Horrors katika majabali ya Almscliff, njia iliyofunguliwa na Allan Austin mwaka 1961 na kuogopwa na wakwezi wengi tangu hapo. Ikadhihirika kuwa ujia wa chuo waweza kumlea mkwezi wa kweli.

Si kwamba binadamu hakuwa amepata kujenga jabali kabla ya hapo. Huko Seattle, Marekani, lilijengwa jabali la mawe na saruji mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa shauri la Clark Schurman. Lakini lilisimama nje, likinyeshewa kama ndugu zake wa asili. Katika mji huo huo, mwaka 1987, likafunguliwa jumba la Vertical World, na watu wakalipa kiingilio ili wakwee ndani. Huko Ufaransa mambo yalikwenda kwa ugomvi zaidi. Mwaka 1985 wakwezi 19 walitia sahihi tangazo la kupinga mashindano, wakisema kuwa mchezo wao haupimwi kwa nambari. Mwaka huo huo mashindano yakafanyika Bardonecchia, Italia, juu ya jabali la asili, na mwaka 1986 yakaingia ndani ya jumba huko Vaulx-en-Velin, karibu na Lyon. Baadhi ya waliotia sahihi wakashindana baadaye. Siwalaumu; wenye kupinga na wenye kushindana wote waliupenda mchezo. Hatimaye ukuta ukafika katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021.

Lililobadilisha mchezo zaidi ya mashindano, kwa maoni yangu, ni kitu kidogo: kishikizo cha kufungwa kwa bolti. Mawe ya Robinson yalijengewa ukutani, yakakaa. Katika miaka ya 1980 Wafaransa, akiwamo François Savigny, walianza kutengeneza vishikizo vya kiwandani ambavyo huweza kufunguliwa usiku na kufungwa mahali pengine asubuhi. Tangu hapo jabali la ndani halina umri. Mtu akirudi Almscliff baada ya miaka ishirini, Wall of Horrors yamngoja palepale, naye aweza kupima uzee wake juu yake. Akirudi katika jumba, njia aliyoishindwa ujanani imekwisha kufunguliwa, vishikizo vyake vimeoshwa, na hapana anayeikumbuka.

Basi mtu hurudi kwa nini? Mimi na rafiki yangu tuliliona swali hilo tuliporudi katika jumba la namna hii baada ya miaka tisa ya kuacha. Hatukulitambua hata pembe moja. Miguu ilikumbuka kazi yake upesi kuliko nilivyotazamia; vidole havikukumbuka kitu. Nao wajuzi husema kuwa misuli hurudi kwa majuma machache, lakini kano za vidole hutaka miezi, na hapo ndipo warudio huumia, kwa kuwa nguvu ya mkono hutangulia uwezo wa kidole. Kitu pekee ambacho hakikubadilika ni mtu aliyeshika mwisho wa pili wa kamba. Methali yetu husema aliye juu mngoje chini, na husemwa kwa kutisha. Wakwezi huigeuza maana, kwa kuwa anayengoja chini ndiye anayekuzuia usianguke.

Siku hizi majumba mengi yana mashine itundikwayo juu, ambayo huvuta kamba yenyewe na kumshusha mkwezi polepole. Yafaa kwa aliye peke yake, wala sina neno nayo. Lakini mashine haikwambii, "Bwana, hebu nione fundo lako," kama rafiki yangu alivyoniambia kabla sijaondoka chini.

Nalo fundo si jambo la wanagenzi peke yao. Mwezi wa Mei 1989 Lynn Hill, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wakwezi hodari kabisa duniani, alikuwa Buoux, Ufaransa, juu ya njia nyepesi kwake. Alikuwa amepitisha kamba katika mkanda wake, fikira zikahamia kwingine, asimalize kufunga. Na koti lake likalificha kosa. Alipofika juu akaegemea kamba ili ashushwe, akaanguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yakampokea. Kiwiko kikateguka, roho ikabaki. Mazoea ndiyo yaliyomponza, kwa maana mkono uliokwisha kufunga fundo maelfu ya mara haumwulizi mwenyewe kama umefunga.

Akarudi. Mwaka 1993, pamoja na Brooke Sandahl, aliikwea njia ya The Nose katika jabali la El Capitan, California, lenye kimo cha mita 900 hivi, kwa mikono na miguu yake tu, kamba ikiwa ya kumlinda na si ya kumvuta; hakuna aliyetangulia kufanya hivyo, mwanamume wala mwanamke. Mwaka uliofuata akairudia yote kwa muda usiofika saa 24.