Ubora wa maji mkoani Simiyu

Ubora wa maji ni hali ya maji kulingana na sifa zake za kifizikia, kikemia na kibiolojia, ikilinganishwa na matumizi yanayokusudiwa. Maji yanayofaa kunyweshea mifugo si lazima yafae kunywewa na binadamu.

Mkoani Simiyu, kaskazini mwa Tanzania, suala hilo lina uzito wa pekee kwa sababu wakazi wengi wa vijijini, kama wale wa kata ya Ipililo katika wilaya ya Maswa, wanaishi katika eneo lenye mvua za msimu na mito inayokauka kiangazi. Vyanzo vya kawaida ni visima vifupi na virefu, malambo, mabwawa, maji ya mvua na mashimo yanayochimbwa kwenye mchanga wa mito.

Vipimo vya msingi

Vipimo vya kifizikia ni pamoja na jotoridi, rangi, harufu, kiasi cha tope na uwezo wa maji kupitisha umeme. Tope hupimwa kwa kizio cha NTU. Maji yenye tope jingi ni magumu kutibu kwa klorini, kwa kuwa vijidudu hujificha kwenye chembe za udongo. Uwezo wa kupitisha umeme huonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka.

Kati ya vipimo vya kikemia, pH huonyesha kama maji yana asidi au besi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi. Oksijeni iliyoyeyuka huhitajika na samaki na viumbe wengine. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi. Nitrati na fosfati zikizidi hurutubisha mwani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa, kwa kuwa kiasi kikubwa ni hatari hasa kwa watoto wachanga.

Kipimo kikuu cha kibiolojia ni bakteria Escherichia coli, ambaye huishi katika utumbo wa binadamu na wanyama. Akipatikana, ni dalili kwamba kinyesi kimefika kwenye maji. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria huyo hata mmoja katika mililita 100. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa naye, hivyo macho peke yake hayatoshi kupima usalama.

Vyanzo vya uchafuzi

Uchafuzi hugawanywa katika aina mbili. Ule wa sehemu moja hutoka mahali panapojulikana, kama bomba la kiwanda au choo kilichojengwa karibu na kisima. Ule wa kutawanyika hutoka eneo pana, nao ni mgumu zaidi kudhibiti.

Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania, na zao hilo hunyunyiziwa viuatilifu. Mvua kubwa za mwanzo wa msimu huosha mashamba na malisho, zikibeba udongo, samadi na mabaki ya viuatilifu hadi kwenye malambo na mito. Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Huko virutubisho kutoka pande zote za ziwa vimechangia kuongezeka kwa mwani na kuenea kwa gugumaji tangu miaka ya 1990.

Mifugo kunywea katika lambo lilelile wanamochota watu ni njia nyingine ya kinyesi kufika kwenye maji. Magonjwa yanayoenezwa hivyo ni pamoja na kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu.

Floridi

Si kila tatizo la maji husababishwa na watu. Floridi hutoka kwenye miamba na huyeyuka katika maji ya ardhini. Kiwango kinachopendekezwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliweka mwaka 1974 kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kutokana na uhaba wa vyanzo vingine. Floridi ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri mifupa. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Kwa kuwa sehemu ya maji huvukizwa, iliyobaki huwa kali zaidi. Njia mojawapo ya kuipunguza ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Usimamizi

Rasilimali za maji husimamiwa na bodi za mabonde chini ya sheria ya mwaka 2009, nayo Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake Mwanza. Huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu.

Katika ngazi ya kaya, hatua zinazosaidia ni kuacha tope litulie, kuchuja, kuchemsha au kutia klorini, kuhifadhi maji katika chombo chenye mfuniko, kujenga choo mbali na kisima na kutenga birika la mifugo nje ya chanzo.

Tazama pia

Mto Simiyu
Ziwa Victoria
Wilaya ya Maswa
Kipindupindu