Nani Anakukumbusha?

Katika nyumba ya Wakarmeli, mtaa wa Vaugirard jijini Paris, aliishi bradha mmoja aliyepewa jiko ilhali hapendi kupika. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nicolas Herman, mtu wa Lorraine, askari aliyerudi vitani na mguu mbovu. Aliingia utawani mwaka 1640, akaitwa Bradha Lawrence, na jikoni alikaa miaka kama 15. Kuna nyakati wakubwa wake walimtuma Burgundy kununua mvinyo wa nyumba. Biashara haijui, na akiwa kwenye mashua hawezi kutembea, hivyo alilazimika kujiviringisha juu ya mapipa ili afike upande wa pili. Haya aliyasimulia mwenyewe bila kujionea huruma. Alimwambia Mungu kuwa shughuli hiyo ni Yake, basi aisimamie. Mvinyo ukanunuliwa na mambo yakaenda sawa.

Alipofariki mwaka 1691, padri Joseph de Beaufort alikusanya barua zake na mazungumzo waliyokuwa nayo, yakatoka yakiwa kijitabu. Mafundisho yake ni machache. Saa ya sala na saa ya kusugua masufuria zisiachane. Zungumza na Mungu mara kwa mara kwa maneno ya kawaida, na ukigundua kuwa umepotea mawazoni, rudi kwake bila kujilaumu sana. Ufaransa yenyewe ilimsahau upesi, maana mabishano ya kiteolojia ya miaka hiyo yalifanya kila andiko la sala ya kimya litiliwe shaka. Waliomtunza ni Waprotestanti. John Wesley alimweka katika mkusanyo wake wa vitabu vya kiroho, na leo mhubiri wa Kipentekoste wa Nairobi anaweza kumtaja kwa furaha bila kukumbuka kwamba anamsifu mtawa wa Kikatoliki.

Namheshimu sana Bradha Lawrence, ila nina neno naye, au tuseme na sisi tunaomsoma. Tunapenda kumsikia akisema kwamba saa maalumu za sala hazikuwa tofauti kwake na saa nyingine. Tunasahau kuwa aliyasema hayo akiwa ndani ya nyumba iliyopigiwa kengele mchana na usiku, pamoja na wenzake waliovaa kama yeye, wakila pamoja na kunyamaza pamoja. Isitoshe, alikiri kwamba miaka kumi ya mwanzo ilikuwa ya taabu. Msomaji wa leo hana kengele, hana wenzake wa kanzu moja, na hiyo miaka kumi haitaki. Anataka matokeo ya jikoni bila nyumba iliyolizunguka jiko. Kisha anashangaa kwamba kufikia saa nne asubuhi ameshamsahau Mungu kabisa, na hatamkumbuka mpaka foleni ya magari imzuie jioni.

Hapo ndipo ninapoona mapokeo ya Kikristo yanatofautiana kweli. Kumpenda Mungu wote wanakuhubiri. Tofauti iko katika swali la nani atakayekukumbusha, maana wote wamekubaliana, hata wasiposema wazi, kwamba moyo peke yake husahau.

Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, alijibu kwa kengele. Kanuni yake inagawa siku katika vipindi saba vya sala pamoja na kimoja cha usiku, na zaburi zote 150 zinamalizika ndani ya juma. Ishara ikisikika, mtawa anaacha kilichoko mkononi na kuelekea kanisani. Asilitangulize jambo lolote mbele ya kazi ya Mungu, yaani sala hizo. Walio mbali shambani hawaambiwi wakimbie. Wanapiga magoti pale pale walipo, na kipindi chao kinahesabika. Mtunza ghala naye ameagizwa aviangalie vyombo na mali ya nyumba kana kwamba ni vyombo vya altareni, jambo linaloonyesha kwamba Lawrence hakuanzisha kitu kipya.

Wabenediktini walileta mpangilio huo kusini mwa Tanzania, Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na kwa waumini wa kawaida sehemu iliyobaki ni ile sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni. Mombasa nayo Waanglikana walikuwa na kengele yao Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru, na mtaa wa Kengeleni unalibeba jina hilo hadi leo. Uzuri wa kengele ni kwamba haikuulizi unajisikiaje. Ubaya wake pia ni huo. Mtu anaweza kuinuka kila inapolia kwa miaka 30 huku akimchukia mwenzake wa benchi moja, na kengele isijue.

Urusi ya karne ya 19 inatoa jibu jingine, katika kitabu cha msafiri asiyejulikana jina, mjane mwenye mkono uliopooza, aliyezunguka na begi lenye mikate mikavu na Biblia. Alisikia kanisani agizo la Paulo kwa Wathesalonike kwamba waombe pasipo kukatiza, likamkosesha raha. Itawezekanaje, na mtu analala, anakula, anazungumza? Wahubiri walimweleza faida za sala, lakini hakuna aliyemwonyesha namna, mpaka akakutana na mtawa mmoja mzee. Huyo alimfundisha Sala ya Yesu, ombi fupi la kumwita Yesu Bwana na Mwana wa Mungu na kumwomba huruma, kisha akampa hesabu: mara 3,000 kwa siku. Baada ya siku chache, 6,000. Halafu 12,000. Msafiri anasimulia jinsi ulimi na taya vilivyokakamaa, na kidole gumba kilivyouma kwa kuvuta mafundo ya tasbihi ya kamba. Hatimaye sala ikawa inamwamsha yenyewe alfajiri, na mzee akamruhusu aache kuhesabu.

Wapo wasomaji wa Kiprotestanti wanaochukizwa na hesabu hiyo, na naelewa kwa nini. Yesu mwenyewe alikataza kupayuka-payuka. Lakini angalia mpangilio. Uhuru alioupata msafiri ulikuja baada ya hesabu, kama ule wa Lawrence ulivyokuja ndani ya kengele. Mzee yule alijua kwamba ukimwambia mtu aombe siku nzima bila kumpa pa kuanzia, hataomba kabisa. Alichokifanya ni kuuhamisha ukumbusho kutoka mnarani hadi kwenye pumzi, mahali ambapo mtu hawezi kuuacha nyumbani.

Waethiopia wa Kanisa la Tewahedo wameuweka ukumbusho tumboni. Jumatano na Ijumaa, karibu mwaka mzima, hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna siagi. Kwaresima yao, Hudade, ni siku 55, na ukijumlisha mifungo yote mwamini wa kawaida anafunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Ingia mgahawa wa Kihabeshi siku ya Jumatano, uwe Addis Ababa au Nairobi, uagize chakula cha mfungo: injera pana imetandazwa kwenye sinia, juu yake mchuzi wa shiro, dengu nyekundu zenye viungo vya berbere, kabichi, sukuma wiki na viazi, kila kitu kwenye fungu lake. Lazima niseme ukweli, ni chakula kitamu kiasi kwamba mtu anaweza kufunga Hudade nzima asigundue. Hata hivyo mantiki yake haina mzaha. Njaa ya kusubiri mpaka saa tisa alasiri kabla ya kula, na kikombe cha maziwa unachokikataa, vinakufanya ukumbuke bila kusikia chochote. Tena mji mzima unafunga pamoja nawe, mwuza nyama akiwamo.

Nimekaa muda mrefu kwa watawa na wafungaji. Jibu linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni la hapa kwetu.

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, Joe Church, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakakaa na Biblia pamoja. Miaka ya 1930 moto uliowashwa hapo ulivuka mipaka: Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanganyika. Wakaitwa walokole. Hawakuanzisha kanisa lao. Wengi walibaki Waanglikana na Walutheri, wakaongeza kitu kimoja tu, ushirika. Watu wanakusanyika kila juma, mmoja anasimama, anasema Bwana Yesu asifiwe, kisha anaeleza kile Mungu alichomwonyesha tangu walipoachana. Hasemi maneno ya jumla kwamba sisi sote ni wenye dhambi. Anasema nimemfokea mke wangu Jumanne mbele ya watoto. Nimechukua karatasi za ofisi nikazifanya zangu. Namwonea wivu ndugu aliyekaa pale. Wanaitikia kwa wimbo wa Tukutendereza, kwa Kiganda hata palipo na Wachaga au Wakikuyu. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Watu walirudisha vitu walivyoiba miaka ya nyuma, na waajiri wakashindwa kujua la kusema.

Mkumbushaji hapa ni mtu, tena mtu anayekujua. Kengele haiwezi kuuliza, ndugu, wewe na mama mmeelewana? Pumzi haitaona kwamba umekuja na sura iliyonuna. Mlokole aliamini kwamba umbali kati yake na Mungu unapimwa kwa umbali kati yake na aliyekaa naye ukuta kwa ukuta, na kwamba yeye mwenyewe ni mpimaji mbaya. Imani hiyo ilijaribiwa Kenya miaka ya 1950, walokole wengi wa Kikuyu walipokataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau na wakati huo huo wakakataa bunduki za serikali ya kikoloni, na wapo waliouawa. Sidhani mtu angesimama hapo kwa nguvu ya mazoea ya kusali peke yake chumbani.

Lakini macho ya ndugu yanachosha. Ushirika uliokuwa mahali pa kuungama uligeuka, sehemu nyingine, kuwa baraza la kukagua mavazi na nywele za akina dada, na watu wakajifunza kuungama vidogo ili vikubwa vifichike. Huko Uganda walifika hata kugawanyika, kundi moja likikataza mikopo.

Siku hizi kazi ya kukumbusha imepewa simu. Saa kumi na moja alfajiri mstari wa Biblia unaingia kwenye kundi la WhatsApp, nusu ya wanakikundi wanaandika Amina, wengine wanausambaza kwenye makundi mengine kabla hawajaumaliza. Babu wa desturi hiyo ni Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walioanza mwaka 1728 kupewa neno moja la siku, na tangu 1731 wakalichapa katika kitabu cha kila mwaka. Ila mwanzoni neno lile lilipelekwa nyumba kwa nyumba na ndugu aliyebisha hodi, akawaona waliomo. Simu imehifadhi mstari na kumwacha mbeba mstari.

Mkristo wa Mombasa au Zanzibar, kwa upande wake, huamshwa na adhana ya alfajiri atake asitake, na wengi wameifanya saa yao ya sala miaka nenda miaka rudi. Ndivyo ilivyo kwa akina dada wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ndani nchini Oman. Ukumbusho wa saa wanao mara tano kwa siku, na mistari ya Biblia wanatumiwa na mama zao. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kuwatazama usoni na kuwauliza habari zao. Kwa hiyo wanaopata Ijumaa ya mapumziko, Ijumaa ambayo makanisa ya huko huifanya siku ya ibada, hulipa teksi hadi kanisani Ruwi, jijini Muscat, hata pale nauli inapokula sehemu nzito ya pesa waliyokusudia kutuma nyumbani.