2006 nchini Rwanda
Rais: Paul Kagame. Waziri Mkuu: Bernard Makuza.

Mwaka ulianza kwa ramani mpya. Tarehe 1 Januari mikoa 12 ya zamani, Jiji la Kigali likiwamo, ilifutwa. Ikawekwa mikoa 4 na Jiji, na wilaya zikashuka kutoka 106 hadi 30. Mkoa wa Cyangugu ukamezwa na Mkoa wa Magharibi, na Gikundamvura, iliyokuwa humo, ikawa moja ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi. Jina la Cyangugu, hata hivyo, halijatoka midomoni mwa watu.

Novemba ndiyo iliyotikisa. Tarehe 24 Rwanda ilivunja uhusiano na Ufaransa, baada ya hakimu Mfaransa Jean-Louis Bruguière kutoa hati za kukamatwa kwa watu tisa wa karibu na Kagame kuhusu kutunguliwa kwa ndege ya Rais Habyarimana mwaka 1994. Uhusiano ulirejeshwa 2009.

Mwishoni mwa mwezi huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki iliikubali Rwanda pamoja na Burundi. Uanachama ulianza rasmi 1 Julai 2007.