Wana wa Diamba: bangi, sheria na bankambo wetu

Mara nyingi, watu wakikaa pamoja kwenye matanga ao kwenye kinywaji, mazungumzo yanafika kwa bangi. Kijana anauliza: «Juu ya nini Leta inaikataza? Bankambo betu balikuwa banavuta.» Mzee anamujibu: «Bongo! Bangi ni ya bahuni, kwetu haikukuwa.» Wote wawili wanataka desturi iwatetee. Tumeona vema tuangalie kwanza historia, kiisha tutoe mawazo yetu.

Mmea huo si wa asili ya Afrika. Ulitoka Asia, ukafika pwani ya mashariki pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, na jina bangi limetoka India. Upande wa Kasai na wa Angola unaitwa diamba ao liamba, na watumwa waliovushwa bahari walifika na jina hilo mpaka Brazil. Basi mzee wetu amekosea kidogo: kabla Leta ya wazungu haijafika, diamba ilikuwa imekwisha kuzoeleka.

Mfano mkubwa ni wa Kasai, kwa Balulua, na hapa Katanga familia nyingi zina mizizi kule. Mwaka 1881 Wajerumani wawili, Hermann von Wissmann na Paul Pogge, walifika kwa mfalme Kalamba Mukenge. Walikuta watu wanaojiita Bena Diamba, maana yake watu wa diamba. Wakisalimiana walisema «Moyo», neno ambalo katika lugha yao ni uzima. Kalamba na dada yake Sangula walikuwa wamegeuza mambo mengi: mikishi ya zamani ilichomwa, pombe ya ngazi ilikatazwa, na watu wa vijiji vilivyokuwa vinapigana walianza kuvuta pamoja katika kibuyu kimoja kikubwa kama alama ya masikilizano. Mgeni akifika, diamba. Mapatano yakifungwa, diamba. Hata azabu ilikuwa ni diamba: Wissmann aliandika kwamba mwenye makosa alivutishwa mpaka azimie.

Kijana akisikia hayo atafurahi: «Munaona!» Lakini asikilize mpaka mwisho. Kwanza, kuvuta kule hakukuwa kwa kujificha nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mahali, na saa, na watu wa kuangalia. Pili, diamba haikuleta amani kwa kila mtu. Wazee wengine walikataa desturi mpya, na vijiji vilivyokataa viliona nguvu ya Kalamba. Biashara ya watumwa na Wachokwe haikuisha. Kitu kilichoanza kama undugu kilikuwa pia chombo cha utawala. Desturi si maji safi tu. Ina matope yake, na mwenye kuichota achote yote.

Sheria ya kukataza ilikuja mwaka 1903, kwa dekre ya Leta ya Léopold II. Leta ile ile iliyokuwa inalazimisha watu kwa fimbo na bunduki kutafuta mpira mu pori ndiyo iliyokataza kulima na kuuza bangi. Sheria hiyo haikutoka katika baraza la wazee wetu. Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini katazo lilibaki.

Jirani zetu wameanza kufikiri upya. Lesotho ilitoa ruhusa za kulima kwa ajili ya dawa mwaka 2017. Korti ya Katiba ya Afrika ya Kusini iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima asiazibiwe kwa kuvuta kwake nyumbani, lakini kuuza haikuruhusu. Rwanda ilikubali mwaka 2020 kilimo cha kupeleka dawa inje, si cha kuvuta. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema: kila mtu afanye anavyotaka.

Mawazo yetu ni haya. Kumufunga mtu mzima juu ya kijiti kimoja hakumuponyeshi. Mwenye franka analipa na kurudi kwake, maskini anabaki mu kasho, na akitoka amejifunza mabaya zaidi. Tena tunashangaa kuona mtu analaani bangi huku kikombe cha lutuku kiko mukononi mwake.

Lakini hatusemi soko lifunguliwe. Tunaona watoto wa barabarani na vijana wa machimbo wanavuta pamoja na pombe kali, na waganga wanatuonya kwamba bangi, zaidi kwa wale wanaoianza wakingali watoto, inaweza kuharibu akili. Mu Lulua ya Kalamba kulikuwa baraza. Mtoto wa leo ana baraza gani? Ana kona ya avenue tu. Tukiondoa kasho pasipo kurudisha baraza, tutakuwa tumemutupa mara mbili.

Basi, tunapendelea sheria inayotenganisha mambo: dawa iruhusiwe kwa usimamizi wa waganga, mvutaji mzima ashauriwe kuliko kufungwa, na mwenye kuuzia watoto aazibiwe kweli. Sheria hiyo itungwe na sisi wenyewe, kwa kujua historia yetu. Yule mwenye mawazo mengine aandike. Kijitabu kinachokuja kina nafasi.