KABLA HUJATOA MSHIKO: BEI YA HAKI YA GIBSON LES PAUL LA MTUMBA

Wadau, wapiga gitaa wengi wanaota siku moja kushika Gibson Les Paul. Tatizo ni bei. Standard jipya dukani Marekani linazidi dola 2,500, hela ambayo mpiga solo wa bendi huku kwetu anaikusanya kwa miaka. Ndiyo maana tunakimbilia la mtumba, mara nyingi kwa kumwagiza ndugu aliye Marekani au Ulaya.

Hapo ndipo watu wanapoliwa. Mimi mwenyewe nililiwa. Tangazo lilisema "safi kabisa", nikalipa bei ya safi kabisa. Baada ya miezi minne ufa ukajitokeza nyuma ya shingo. Kumbe lilishavunjika, likagundishwa na kupakwa rangi juu. Muuzaji hapokei simu mpaka leo. Kwa hiyo nawawekea hapa mambo ambayo ningeyajua mapema nisingepata kimeo.

1. BEI YA TANGAZO SIYO BEI
Mtu anaweza kuandika dola 3,000 na gitaa likakaa mwaka mzima. Bei ya kweli ni ile ambayo mnunuzi alitoa. Ukiingia eBay, chagua kuonyeshwa vilivyouzwa tu. Reverb nao wana orodha ya bei za mauzo yaliyopita. Tafuta magitaa kama matano ya modeli ileile na mwaka uleule, maana Studio siyo Standard, na Standard siyo Custom. Toa la bei ya juu kabisa na la chini kabisa. La katikati kati ya yaliyobaki ndiyo pa kuanzia.

2. SHINGO KWANZA
Shingo ya Les Paul ni ya mti wa mahogani na kichwa chake kimelala nyuma kwa digrii 17 hivi. Isitoshe, hapo kichwa kinapoanzia mbao imechimbwa kupisha nati ya kile chuma cha kunyooshea shingo. Basi hapo ndipo pembamba kuliko kote. Gitaa likianguka, panakatika hapo. Fender Stratocaster kichwa chake hakikulazwa hivyo, ndiyo maana halina sana ugonjwa huu.

Pitisha kidole nyuma ya shingo taratibu, ukihisi mstari, uliza. Kisha zima taa na umulike kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Rangi ya zamani huwa inang'aa kidogo, iliyopakwa juzi inaonekana tofauti. Ukiona kiraka, ujue kuna hadithi.

Sasa angalieni: gitaa lililovunjika shingo na kuungwa vizuri linapiga vizuri tu. Ila thamani yake sokoni hushuka kwa theluthi moja mpaka nusu. Kwa mtu wa kupiga kazini, siyo wa kukusanya, hilo laweza kuwa dili zuri kuliko yote. Kasoro siyo dhambi, kuificha ndiyo dhambi.

3. FEKI ZIPO TELE
Kale kakifuniko kenye umbo la kengele kichwani, kwenye Gibson halisi kanashikwa na skrubu 2. Ukikuta 3, simama hapohapo. Angalia pia namba ya nyuma ya kichwa. Magitaa mengi ya kiwandani kuanzia 1977 hadi 2005 yana tarakimu 8: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili mpaka ya nne ni siku ya mwaka. Mfano 92347516: mwaka 1997, siku ya 234, yaani Agosti 22. Namba ikisema 1997 na muuzaji anasema 1985, mmoja wao anadanganya. Ila namba peke yake siyo ushahidi, feki nazo zinanakiliwa namba halali.

4. FRETI NA UMEME
Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati, karibu na freti ya 7, pabaki mwanya mdogo kama unene wa kadi. Mwanya mkubwa, shingo imepinda. Freti zikiwa zimelika, kubadilisha zote kwa fundi wa Marekani ni dola 300 na zaidi. Chomeka kwenye amplifaya, jaribu pikapu zote mbili. Volyumu ikikwaruza usiogope, mara nyingi ni vumbi, dawa ya kupuliza inatosha.

5. PIGA HESABU
Tuseme bei ya katikati ni dola 1,850. Freti zimekwisha, toa 350. Halina kasha lake, toa 150. Bei ya haki ni 1,350. Kama shingo iliungwa, anza na nusu ya ile 1,850. Halafu ongeza usafiri na ushuru, maana watu wengi huwa wanasahau hapo.

6. UKIMTUMA MTU
Ndugu yako anaweza kuwa hajui gitaa. Mwambie apige picha nne: namba, nyuma ya shingo, kile kifuniko kikiwa karibu, na risiti. Namba ikiwa imekwanguliwa, muuzaji akikataa kupigwa picha, au bei ni ya kutupwa bila sababu, aondoke. Linaweza kuwa la wizi. Kwenye kusafirisha, nguo laini zijazwe chini na pembeni ya kichwa ndani ya kasha. Mengi huvunjikia njiani.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nami naongeza, ghali nayo huvunja kama hukukagua. Wadau mliowahi kununua huko nje, mlilipa kiasi gani na mlikuta nini? Leteni uzoefu wenu hapo chini, vijana wajifunze.