KUTELEZA SI KUANGUKA: Historia ya walioacha sigara, wakarudi, wakaacha tena

SEHEMU YA 1: Mzee wa siku 19

Nimetoka zamu nimechoka, ila niliwaahidi kwamba wiki hii somo letu la historia ya tiba litakuwa la sigara. Sio historia ya madhara yake, hayo hata pakiti yenyewe inawaambia. Nataka tuongelee historia ya KUACHA, na hasa ile sehemu ambayo watu wanaona aibu kuisema: umeacha, umekaa wiki mbili tatu vizuri, halafu siku moja unajikuta unayo mdomoni.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye kliniki ya presha niliyokuwa nafanya kazi, alikuwepo mzee mmoja, dereva wa lori. Alivuta tangu ujana, pakiti kwa siku. Tukamshauri, akakubali, akaacha. Siku ya 19 akapata msiba, kaka yake kafariki. Usiku wanaume wamekaa nje wanaota moto, mtu akamnyooshea fegi, akaipokea. Wiki hiyo hiyo akaja kliniki na hakuficha. Alikaa mbele yangu akasema, "Sista, nimevuta moja msibani."

Mimi nikamjibu nini? Nikamwambia, "Sasa mzee wangu, si umeharibu kazi yote? Inabidi uanze sifuri."

Akaitikia, akachukua dawa zake, akaondoka. Hakurudi kwa zaidi ya mwaka. Aliporudi alikuwa anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, anapumua kwa taabu. Nilipomkalisha vizuri akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ile siku nilikuwa nimevuta moja tu. Nilipotoka kwako nikanunua pakiti."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilitaka kujua, hivi hii kauli ya "umeharibu, anza sifuri" sisi watu wa afya tuliitoa wapi?

SEHEMU YA 2: Hata waliojua walishindwa

Tuanze na daktari. Sigmund Freud wa Vienna, baba wa tiba ya nafsi, alikuwa mvutaji wa sigara kubwa zile nene, inasemekana kama 20 kwa siku. Mwaka 1894 moyo ukaanza kumsumbua. Rafiki yake Wilhelm Fliess, naye daktari, akamwambia aache. Freud akaacha, akakaa wiki kadhaa, akarudi. Akajaribu tena, akarudi tena. Mwaka 1923 akagundulika na saratani mdomoni. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, sehemu ya taya ikatolewa, na bado aliendelea kuvuta. Alifariki London mwaka 1939.

Sasa niambieni, huyu mtu alikosa akili? Alikosa elimu? Alikosa sababu? Vyote alikuwa navyo. Kwa hiyo ukimwona bodaboda wa kijiweni kwenu ameshindwa mara tatu, usimwite mzembe.

Mfano wa pili ni wa kutia moyo. Richard Doll, daktari Mwingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa anachunguza pamoja na Austin Bradford Hill kwa nini saratani ya mapafu inaongezeka. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na mwanzo alihisi labda ni lami za barabarani. Wakahoji wagonjwa hospitalini. Ripoti yao ya mwaka 1950 ilionyesha kwamba kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta walikuwa 2 tu. Doll hakusubiri ripoti itoke. Matokeo yalipoanza kujionyesha mezani kwake, aliacha. Akafariki mwaka 2005 akiwa na miaka 92.

Watu wawili, wote madaktari, wote walikuwa na taarifa. Mmoja aliacha, mwingine hakuweza. Taarifa inasaidia, ila peke yake haitoshi.

SEHEMU YA 3: "Ni tabia tu hiyo"

Sasa hapa ndipo lawama ilipozaliwa. Tarehe 11 Januari 1964, mkuu wa afya ya umma wa Marekani, Luther Terry, alitoa ripoti kubwa iliyosema wazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu. Ripoti nzuri sana, iliokoa watu wengi. Lakini ripoti hiyo hiyo ilisema uvutaji ni MAZOEA, haikuuita uraibu. Na kama ni mazoea tu, maana yake nini? Maana yake aliyeshindwa kuacha hana nia. Akirudia, ni wa kukaripiwa.

Fikra hiyo ilikaa miaka 24! Mwaka 1988 ndipo mkuu mwingine wa nafasi ile ile, C. Everett Koop, alitoa ripoti iliyosema nikotini inafanya mtu kuwa mraibu, na kwamba namna inavyomshika mtu inafanana na heroini na kokeini.

Dalili zilikuwepo mapema. Mwaka 1971 watafiti Hunt, Barnett na Branch walichora mstari wa watu walioacha vitu vitatu: heroini, pombe na sigara. Wakahesabu wangapi bado wamesimama kadiri miezi inavyokwenda. Mistari yote mitatu ilikaribia kulingana! Inashuka kwa kasi miezi mitatu ya kwanza, kisha inatulia. Yaani wengi wanaorudi, wanarudi mapema. Ukivuka kipindi hicho, njia inaanza kunyooka.

Na huko Sweden kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Lund, Claes Lundgren na Stefan Lichtneckert, waliona kwamba mabaharia wa nyambizi, ambako kuvuta hakuruhusiwi, wanahamia kwenye tumbaku ya mdomoni na wanatulia. Wakamwandikia Ove Fernö, mkemia wa kampuni ya dawa, ambaye naye alikuwa mvutaji aliyehangaika kuacha. Wazo likawa hili: kinachodaiwa na mwili ni nikotini, kinachoua zaidi ni moshi. Tenganisha. Ikazaliwa bigijii ya nikotini, ikaanza kuuzwa Uswisi mwaka 1978. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likaingiza dawa za aina hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwenye zahanati nilizopitia mimi sijawahi kuziona kabatini, lakini mjini uliza famasi kubwa, na uongee na mfamasia kwanza.

SEHEMU YA 4: Aliyetofautisha kuteleza na kuanguka

Sasa tunafika kwa mtu ambaye ningemjua mapema, mzee wangu nisingemfukuza.

Aliitwa Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Miaka ya 1970 alifanya jambo rahisi ambalo wengine hawakulifanya kwa makini. Aliwauliza waliorudia: ile mara ya kwanza ilikuwaje? Ulikuwa wapi? Na nani? Unajisikiaje? Yeye na wenzake walikusanya visa vya walevi, wavutaji, wacheza kamari na wengine. Karibu robo tatu ya visa viliangukia kwenye mambo matatu: hisia mbaya kama huzuni na hasira, ugomvi na mtu, na ushawishi wa watu waliokuzunguka.

Mrudieni mzee wangu. Huzuni ya kufiwa, na mkono unaomnyooshea fegi. Mambo mawili kati ya matatu, usiku mmoja.

Mwaka 1985 Marlatt na Judith Gordon walitoa kitabu juu ya kuzuia kurudia. Humo walitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tulikuwa tunavichanganya. Kuna KUTELEZA, yaani sigara moja, pafu mbili, usiku mmoja. Na kuna KUANGUKA, kurudi kabisa kwenye maisha ya zamani. Katikati kuna daraja, na daraja hilo limejengwa na maneno ambayo mtu anajiambia baada ya kuteleza. Akisema "mimi ni dhaifu, nimeshaharibu, basi tena", anavuka. Akisema "pale palikuwa pagumu, sikujiandaa", ana nafasi ya kubaki upande wake.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Yale maneno ya daraja ndiyo niliyompa mzee kwa mdomo wangu, nikiwa nimevaa sare.

Wazee wetu walishasema: kuteleza si kuanguka. Tulikuwa nayo methali, hatukuipeleka kliniki.

Kipindi hicho hicho James Prochaska na Carlo DiClemente walifuatilia watu 872 waliokuwa wanabadilisha tabia yao ya kuvuta. Mwaka 1983 walieleza kwamba kuacha kunapita hatua kwa hatua, na wengi wanazunguka hatua hizo zaidi ya mara moja kabla hawajatulia. Kurudi nyuma kukaanza kuonekana kama sehemu ya safari, sio mwisho wake.

Ila nisieleweke vibaya. Sisemi sigara moja sio kitu. Wengi wanaoteleza wanaishia kurudi, ndiyo maana kuteleza kunahitaji kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Ni kama moto jikoni: huchomi nyumba nzima kwa sababu pazia limeshika, lakini pia huendi kulala.

SEHEMU YA 5: Nguvu ya siku moja

Mnauliza sana, "Nesi, nitapata wapi moyo wa kuendelea?" Historia ina jibu dogo. Mwaka 1970, mji wa Randolph, Massachusetts, mtu anaitwa Arthur Mullaney aliwaomba watu waache sigara kwa SIKU MOJA tu, na hela ya sigara waitoe kwenye mfuko wa kusomesha wanafunzi. Mwaka 1976 California ikafanya siku kama hiyo, mwaka uliofuata ikawa Marekani nzima. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani likaanza siku ya dunia bila tumbaku, ambayo sasa ni kila tarehe 31 Mei.

Angalieni walichoomba. Hawakuomba maisha yote. Siku moja, na hela iende mahali panapoonekana. Dukani kwa Mangi sigara inauzwa moja moja, kwa hiyo mtu haoni zinavyomla. Weka ile hela kwenye kopo kila jioni. Mwisho wa mwezi ndio utashtuka.

Na kama unadhani umechelewa, Doll anakujibu tena. Mwaka 1951 alianza kufuatilia madaktari wa Uingereza, akawafuata miaka 50. Ripoti ya mwaka 2004 ilisema mvutaji anapoteza wastani wa miaka 10 ya maisha. Anayeacha akiwa na miaka 60 anaokoa kama 3, akiwa na 50 anaokoa 6, akiwa na 40 anaokoa 9, na wa 30 anaokoa karibu yote. Soma tena hapo kwa mwenye 60. Miaka mitatu ni kuona mjukuu anaanza shule.

SEHEMU YA 6: Kama umeteleza leo

Haya, kwa aliyevuta leo na anasoma hapa kwa siri:

1. Zima hiyo. Kilichobaki kwenye pakiti kiloweke maji, usikihifadhi "kwa dharura".

2. Usisubiri Jumatatu, wala mwezi mpya. Unaendelea SASA. Siku zako ulizokaa hazijafutika, mapafu hayana kifutio.

3. Andika mambo manne: wapi, saa ngapi, na nani, nilikuwa najisikiaje. Hapo ndipo penye utelezi. Kesho upite ukiwa umejiandaa, au usipite kabisa.

4. Arosto ikija, jua inapanda na kushuka kwa dakika chache. Kunywa maji, tembea, mpigie mtu. Siku mbili tatu za kwanza ndizo kali, wiki zinazofuata inalegea.

5. Kama unatumia bigijii au plasta ya nikotini, usiiache kwa sababu umeteleza. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha hata maelezo ya hizo dawa, ikasema kuteleza sio sababu ya kuzikatisha.

6. Mwambie mtu mmoja ambaye hatakukaripia. Na ninyi mke, mume, watoto, manesi wenzangu: akikuambia, swali la kwanza liwe "ilikuwaje?", sio "tena?"

Mnataka kujua mzee aliishia wapi. Siku ile ya kiti cha magurudumu nilimwomba radhi. Alicheka kidogo, akakohoa sana. Tukaanza upya, ila sio sifuri, tulianzia kwenye zile siku 19, kwa sababu alishajua anaweza. Ameteleza mara mbili tangu hapo: mara moja kituo cha mizani alipomsindikiza mwanaye safari, mara moja baada ya kugombana na shemeji yake. Zote mbili alikuja mwenyewe. Nikafungua kadi yake, nikaandika wapi, saa ngapi, na nani.

Kliniki iliyopita kadi haikuwa na cha kuandika. Amekaa miezi minane. Mapafu yaliyochakaa hayatarudi yalivyokuwa, na yeye anajua. Lakini alitembea kwa miguu yake kutoka getini hadi kwenye benchi, akapumzika mara moja tu njiani.

Usiku mwema. Aliyeteleza leo, kesho tuendelee.